Pole ya Getini

Leo nimejibu "nimeshapoa" mahali ambapo sikupaswa kabisa.

Nimeshuka Mlima Meru mchana huu. Siku zote za huko juu simu yangu haikuwa na mtandao. Kileleni nililia kwa furaha na baridi. Kushuka sasa, magoti yanatetemeka, kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi.

Njiani kila unayepishana naye anakupa pole. Wapagazi, pole. Askari mwenye bunduki ya kutulinda na nyati, pole.

Mimi najibu tu, "Nimeshapoa!" Ndiyo salamu ya mlimani jamani.

Getini nikamkuta baba mdogo amekaa kwenye jiwe. Nikajua amekuja kunipokea.

"Shikamoo baba mdogo!"

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Aah, nimeshapoa! Magoti tu ndiyo yamegoma."

Nikacheka. Nikamwonyesha picha ya kileleni.

Akaitazama sana. Akanirudishia simu.

"Pole sana, mwanangu."

Hapo ndipo nikaona amevaa koti lake la kanisani. Katikati ya wiki.

Baba yangu alifariki juzi, mimi nikiwa bado napanda.

Msiba uko nyumbani, Daraja Mbili. Njooni. Ila mkinipa pole nikakaa kimya, msinielewe vibaya.

Mtandao ulirudi tulipofika Usa River. Meseji ya kwanza kuingia ilikuwa ya baba mwenyewe:

"Pole na mlima, mwanangu."

Hiyo ndiyo nashindwa kuijibu.