Kumkumbuka Felisian Angali Hai

Pelagia aliolewa Kibara na fundi wa boti. Felisian alikuwa mpole, mwenye mkono mwepesi. Akiziba mianya ya boti kwa pamba aliimba kwa Kijita, na wavuvi walikaa karibu wakijifanya wana shughuli, kumbe wanamsikiliza.

Ugonjwa ulianza na hasira. Siku moja alirusha sahani ukutani kwa sababu mchuzi wa samaki aina ya ningu umepungua chumvi. Kisha vidole vikaanza kucheza vyenyewe, mabega yakawa yanaruka, miguu ikamyumbisha njiani. Watu wakasema ni pombe, naye hakuwa mnywaji. Wengine wakanong'ona kwamba hata baba yake, mzee Masatu, alikufa hivyo hivyo, basi ukoo umerogwa. Msumeno ulipomkata paja, Felisian aliuweka chini akamwambia mkewe, "Mama Debora, hii kazi imenikataa."

Pelagia akampeleka hospitali Bunda, wakaelekezwa Musoma. Damu ilipelekwa mbali kupimwa, na majibu yaliporudi daktari akautaja: ugonjwa wa Huntington. Hauna dawa ya kuuponya. Unarithiwa, mtoto wa mgonjwa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu.

Debora, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameketi kati yao. Ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita. Aliuliza, "Daktari, ndani ya ubongo kunatokea nini hasa?"

"Hilo bado linatafutwa," daktari akasema.

Debora akaenda kulitafuta. Alisoma chuo, akapata ufadhili, akafika kwenye maabara moja huko Uingereza, kazi yake kuchunguza ubongo wa panya waliopandikizwa jeni ya ugonjwa ule. Pelagia, aliyekuwa akianika dagaa ufukweni ili nyumba iende, alicheka aliposikia.

"Nimekusomesha ukafuge panya?"

"Mama, seli za ubongo zinaongeaga," Debora alimweleza kwenye simu. "Za juu zinatuma ujumbe kwa za ndani, zile zinazoongoza mwendo. Kwa hawa panya, mwanzoni ujumbe unazidi, kama watu wanaopigiana kelele. Baadaye unafifia. Na hayo yanaanza kabla seli hazijafa."

Pelagia akauliza, "Kwa hiyo baba yako yumo bado, ila huko ndani hawasikilizani?"

"Sijui, Mama. Panya hawezi kunijibu hilo. Seli nyingi za Baba zimeshakufa. Lakini si zote."

Pelagia akalishika neno hilo. Akimlisha mumewe uji mzito, taratibu asije akapaliwa, alimsimulia habari zote: nani kazaa, nani kahamia Kiabakari. Felisian alimtazama, kichwa kikiyumba, midomo ikitafuta neno isilipate. Pelagia alimfuta kidevu huku akimkumbuka mtu yule yule aliyekuwa mikononi mwake.

Disemba iliyopita Debora alikuja likizo. Asubuhi, walipokuwa wakimbadilisha Felisian shuka, Pelagia aliuliza alichokimeza kwa miaka.

"Na wewe, ulishapima?"

"Bado, Mama. Panya nawapima kila siku. Mwenyewe naogopa."

"Usipime kwa ajili yangu, mwanangu. Ila siku ukitaka, uniite. Nitapanda hiyo ndege nije nikushike mkono."

Debora akaangua kilio juu ya kifua cha baba yake. Mkono wa Felisian uliinuka, ukaangukia mgongoni kwake, ukarukaruka pale. Hakuna aliyejua kama aliupeleka yeye au ulijipeleka. Debora hakuuondoa.

Sasa amerudi kwa panya wake. Dawa bado haijapatikana. Pelagia anaiombea kanisani kwa ajili ya binti yake, maana anajua hata ikija kesho, kwa Felisian imeshachelewa. Lakini akisharudi nyumbani, akimkuta mumewe amegeuza uso kuelekea mlangoni, moyo wake bado unamwomba fundi wake, amwite Mama Debora hata mara moja.