Sufuria Iliyorudi Imeoshwa

Nilipoanza kutafsiri kambini nilikuwa na kiburi cha Kiingereza. Mimi ni Muha wa Katubuka, na Kirundi cha wakimbizi hakiko mbali na Kiha, kwa hiyo wazungu waliokuja kuwahoji ili kuwahamishia ng'ambo hawakuweza kufanya lolote bila mdomo wangu. Niliringa. Niliringa zaidi kwenye maneno ya vifungo. Prison, nilifundishwa, ni ya aliyekwisha kuhukumiwa. Jail ni ya mahabusu, anayesubiri. Detention ni pale unapowekwa tu, bila kuelezwa sababu. Tafsiri vibaya uone: mume akiandikwa prison, mke anaulizwa alihukumiwa kwa kosa gani, na familia nzima inasahau habari za ndege.

Asubuhi moja aliingia mama aliyevuka ziwa zamani kwa mtumbwi hadi Kagunga, upande wetu wa mpaka. Alikuwa na binti yake mkubwa, ambaye sasa naye alibeba mwanawe mgongoni. Safari yao wote ilitegemea mahojiano yale. Afisa, mwanamke mpole, akauliza habari za mume.

"Alifungwa gerezani," mama akasema.

"Prison au jail?" Afisa aliniuliza mimi, kalamu mkononi.

Nikamgeukia mama. "Mama, alipelekwa mahakamani?"

"Mahakama gani, mwalimu? Walimfungia kwenye stoo ya shule. Nimesema gereza ili mkubwa huyu asituone watu wa ovyo."

Nikashusha pumzi. Detention, basi. Nilijiona nimeiokoa familia nzima kwa neno moja, nikakaa vizuri kwenye kiti.

Afisa akataka kujua walipataje habari zake humo ndani. Mama akaeleza desturi ya kwao, wanayoiita kugemura: aliyefungwa hulishwa na watu wa nyumbani. Kila siku alipika, na binti huyu, wakati huo mtoto, ndiye aliyebeba sufuria kwa sababu walinzi hawakuwasumbua watoto. Sufuria ikirudi tupu, mtu yu hai.

"Ilirudi tupu mpaka lini?"

Mama alimtazama binti yake, kisha akaangalia sakafu.

"Ilirudi tupu siku zote," akasema. "Ila kuna siku ilirudi imeoshwa."

Nusura nicheke. Nilidhani ni utani.

"Mwalimu, mume wangu hakuwahi kuosha chombo tangu nimjue. Alikuwa anakomba kwa kidole, alama zinabaki. Ile ilikuwa imesuguliwa. Nikajua wanaokula ni wengine. Nikaendelea kupika."

"Kwa nini?" Swali hilo lilikuwa langu, si la afisa, na sheria ya kazi yetu hairuhusu.

"Ningeacha, wangejua nimejua. Wangekuja nyumbani kwa watoto. Nilipika mpaka tulipopata njia ya kutoroka."

Nilikuwa nimesikia mengi katika chumba kile, ya mapanga na ya moto, nikayatafsiri na kwenda kula. Hili la sufuria lilinishinda. Nilimwona mwanamke huyo akipuliza moto, akionja chumvi ya chakula cha waliomuua mumewe, ili kisitofautiane na cha jana. Nikamtafsiria afisa. Akaweka kalamu chini.

Ndipo nikamwona binti. Alikuwa amesimama, mtoto analia mgongoni na yeye hasikii.

"Mama," akasema kwa Kirundi, "uliniambia baba anayasifu maharage."

Mama hakuinua uso.

"Sasa mimi nilikuwa nampelekea nani?"

Afisa akaniuliza binti amesema nini. Hapo hapakuwa na maneno mawili ya kuchagua. Nikamtafsiria swali la binti kama lilivyo.