Gunzi Lisilobeba Kitu

Juzi nilimkuta mpwa wangu mbele ya kompyuta akipigana na zimwi, akifa, akifufuka, kisha akilirudia zimwi lilelile. Mchezo huo anaucheza mtandaoni na watu wa nchi asizozijua. Nikamuuliza kama hachoki kupigwa.

"Sichezi, Anko, natesti. Nimeongeza spidi peke yake, nione kama inasaidia ama ni urembo tu."

Nikavuta kiti nikakaa. Jaribio kama hilo nililiona Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya sabini, na aliyelifanya hakutaka kushinda mchezo wowote.

Baada ya mavuno tulipukuchua mahindi barazani kwa nyanya hadi vidole gumba vikawaka moto. Gari moshi lilipiga honi stesheni, na harufu ya omena wa kukaanga ilitutesa kutoka kwa jirani. Magunzi yalikuwa yetu. Nyanya alilalamika kwamba yangemchemshia uji wiki nzima kama tusingeyafanya watu.

Mchezo niliubuni mimi, na nilijiona profesa hata kabla ya kujua kuvaa viatu. Kila gunzi lilikuwa msafiri anayevuka mpaka kutoka Uganda. Ukilichomeka mwiba, lilipata nguvu; unyoya, mbio; haragwe, ujanja. Kwenye mstari wa majivu alikaa askari, yaani jiwe. Ili wenye vitu vingi wasitambe, niliamua askari arushe, kwa mkono wangu, kifuniko kimoja cha soda kwa kila kitu alichobeba msafiri. Kifuniko kikitazama juu, umekamatwa.

Kisha akaja msichana wa Tororo, upande wa Uganda. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbilia chumba cha nyuma kwa nyanya. Baba yake, fundi cherehani, alibaki ng'ambo, ambako wanajeshi walikuwa wakiwachukua wanaume wasirudi tena. Mama alishtuka kila mlango ulipogongwa.

Msichana huyo hakucheka alipocheza. Alichukua gunzi moja, akalivusha na unyoya tu, mara nyingi, akitazama. Akang'oa unyoya, akaweka mwiba. Akarudia. Akaweka haragwe. Gunzi likaendelea kukamatwa. Mwishowe akang'oa kila kitu, akalisukuma hadi kwenye majivu.

"Rusha," akaniambia.

"Nirushe nini? Halina kitu."

"Basi limepita."

"Wewe mwizi!" wenzangu wakapiga kelele. "Hiyo ni kucheza gani?"

Msichana aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, nami nikamfuata na kusikia anachosema. Kulikuwa na mwanamke muuza samaki aliyevuka mpaka mara kwa mara. Ujumbe upelekwe kwa baba: akivuka, asibebe chochote.

"Huo ni mchezo tu!" nikamwambia. "Sheria nilitunga mwenyewe, tena nikila muwa!"

"Nimeijaribu," akasema. "Wewe uliijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Mama yake alitutazama sote wawili, kisha akamwita muuza samaki.

Zilifuata siku za kukosa hamu hata ya uji wa wimbi. Filimbi ya askari ikilia upande wa daraja, mimi nilijificha nyuma ya ghala. Nikifumba macho nilimwona mtu mzima akitembea kuelekea kwenye bunduki kwa sababu ya akili yangu, na akili yangu niliijua vizuri.

Baba wa msichana alikuja siku ya soko, katikati ya watu, mikono mitupu, shati limemganda mgongoni. Msichana alimrukia. Mama alilia, akamshika uso, kisha macho yake yakapita begani kwa mumewe, yakatafuta njiani.

"Cherehani iko wapi, Baba?" msichana akauliza.

"Si mlisema niache?"

Hakuna aliyejua kama angevuka salama nayo, na hakuna atakayejua. Ile mashine ya kukanyaga kwa mguu ndiyo iliyokuwa shamba lao na nyumba yao. Baada ya hapo alipalilia mahindi ya watu.

Miaka kadhaa baadaye walirudi kwao, na sikuwaona tena. Baraza ya nyanya imekuwa maegesho ya malori. Mahindi yanapukuchuliwa kwa mashine, na magunzi sijui huenda wapi. Lakini bado namwona baba yule jioni, ameketi kwenye kigogo akisubiri chakula, mguu wake wa kulia ukikanyaga vumbi, juu na chini, juu na chini, na msichana akiutazama.