Chikwange Kilichonuka Mafuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliwekewa chakula na mtu anipendaye nikashindwa kukila, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa kijana, nina gereji yangu hapa Kabondo, penye kiwanja hiki hiki unachoniomba ili ujenge kiwanda chako cha sabuni. Pikipiki zilikuwa zimeanza kujaa mjini, nami nilikuwa na kazi kutwa nzima. Nilijiona bwana mkubwa, na vindevu vyangu vitatu. Mafuta machafu ya injini niliyamwaga kijitoni nyuma ya gereji. Maji yanatembea, nilisema, yatayachukua.

Chini kidogo ya hapo, shangazi yangu Zaina, niliyemwita Tantine, alikuwa akiloweka muhogo kijitoni humo humo siku tatu, kisha anautwanga, kuufunga majanini na kuupika, ukawa chikwange cha kuuza sokoni. Kwa chikwange hicho alinilea nilipofiwa na mama. Nilijua, na bado nilimwaga.

Basi akaja gerejini mbele ya wateja wangu, akaniwekea chikwange kimoja magotini. Nikafungua majani. Kilinuka mafuta ya injini.

"Kula, mutoto yangu," akasema.

"Tantine, iko na harufu ya mafuta."

"Iko harufu ya kazi yako. Watu ya soko wananirudishia yote. Bon, kula."

"Lakini maji inatembea, Tantine."

"Eh, inatembea. Inatembea inakuja kwangu."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana. Niliona haya, na haya hiyo ninayo mpaka leo. Kesho yake nilichimba shimo la mafuta, lakini majuto ni mjukuu: wateja wake hawakurudi, naye akawa anakwenda kuloweka muhogo kijito cha mbali, kikapu mgongoni, mpaka magoti yakamkatalia.

Mwanangu, sikukatazi kiwanda. Mji unakua na vijana wanataka kazi; hata mimi sabuni naihitaji, usinicheke. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi huja na kuondoka; kijito tulikikuta, kinaingia mto mkubwa, na watu wa Basoko huko chini wanakunywa maji hayo hayo. Kwa hiyo chimba mashimo ya kutuliza maji machafu kabla hujasimamisha ukuta hata mmoja. Usiniambie utayachimba baadaye, kazi ikishashika. Bila mashimo kiwanja sikupi, hata ukimleta mama yako anililie.

Na ukishafungua kiwanda, nitaloweka muhogo mimi mwenyewe, pale pale alipoloweka Zaina. Tutakaa wewe na mimi, nitakuwekea chikwange magotini, nawe utafungua majani.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akujalie ukimalize chikwange hicho chote.