Shahidi wa Kioo Ukutani Kwetu

Enzi zetu kule Kisangani, watoto wote wa avenue yetu tuliamini, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba mtu akisema uongo katika nyumba yenye shahidi, ukuta unapasuka. Msicheke. Shahidi mwenyewe nilimwona: kipande cha kioo, kirefu kama kidole, kilichobandikwa kwa saruji juu ya ufa wa chumba cha Koko, mama mzazi wa Papa.

Ufa ule ulianza kama unywele. Baada ya mvua zetu, zile zinazopiga bati mpaka mtu anasahau jina lake, ungeweza kupitisha mtumbwi ndani yake. Papa akamwita Tonton Gaspard, mjomba wetu wa heshima tu, fundi mwashi kutoka Isangi. Alichimba kwenye pembe ya nyumba, akainama kutazama msingi. Kisha akabandika kile kioo, akasema kwa sauti ya padri: "Huyu ni témoin, shahidi. Akivunjika, nyumba ingali inatembea. Hapo mutu asilale humu tena."

Bon, sisi watoto tulishika neno moja tu: shahidi. Na shahidi si anajua mwongo ni nani? Avenue nzima ikawa na adabu kama kanisa siku ya Pasaka. Watoto wa leo ukiwaambia ukuta unasikia, wanauliza kamera iko wapi.

Koko alikuwa mgonjwa wa kifua. Matofali ya nyumba ile aliyachoma pamoja na mume wake, na alikuwa akisema, "Miye nitafia mu nyumba yangu, si mu ya watu." Papa alimwahidi hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kushuka bandarini Makiso, alitazama kioo kwanza, ndipo akamwamkia mama yake.

Siku moja Mama alimwekea Koko samaki mkavu wa Yanonge, mkubwa kuliko mimi. Nikamla, kichwa mpaka mkia. Mama akauliza. Nikamsingizia paka: "Ni pusi." Mvua ikanyesha jioni ile, na asubuhi kioo kilikuwa vipande viwili.

Wanaume wanne wakambeba Koko na godoro lake hadi kwa jirani yetu, Mama Zaina. Hakubisha. Aliupapasa ukuta kwa kiganja tulipokuwa tukitoka, basi. Papa alitembea nyuma, ameinamisha kichwa.

Kazi ikaanza. Hakuna aliyeitwa, majirani walikuja wenyewe, na mabeseni ya kokoto kutoka mtoni na sufuria za pondu, majani ya muhogo, zilizotosha kulisha mji mzima. Tonton Gaspard alichimba chini ya ukuta kipande kimoja, akaruka kingine. "Ukichimba yote mara moja," alisema, "nyumba inakaa chini sawa mulevi." Mawe, zege, kungoja likauke, kisha kipande kingine. Siku hizi fundi anafika kwa pikipiki, anapaka rangi juu ya ufa, anapiga picha, kwaheri. Ufa unabaki na mwenye nyumba.

Vilikuwa vimebaki vipande viwili tu vya kuchimba Koko alipofariki, kitandani kwa Mama Zaina.

Nilikua na jambo hilo kifuani. Shule ya jioni nilimaliza, nikapata diploma inayojaza ukuta mzima, lakini nikikumbuka kioo kile nilirudi kuwa na miaka minane. Ni mwaka jana tu nilipomweleza Papa, naye sasa ni mzee, tumekaa wawili kwenye baraza la nyumba ileile: samaki, pusi, uongo, kioo.

Hakucheka. Alitazama ile pembe ya nyumba.

"Kioo haina masikio," alisema. "Gaspard aliniambia nichimbe mufereji, maji ya bati ipite mbali. Nikasema kesho, kesho. Ile mvua ikakula udongo chini ya pembe. Si weye, mutoto yangu. Ni miye nilichelewa."