Mtoto Aliyenukia Samli

Nikipita kwa wauza samli sokoni Bariadi, huharakisha hatua. Wenzangu wanasikia harufu ya chakula kizuri. Mimi narudi asubuhi ya Epifania, nina miaka tisa, na nimempoteza Yesu.

Jumuiya yetu pale Kasoli ilikuwa na desturi yake. Baada ya Krismasi sanamu ya Mtoto Yesu ilizungushwa nyumba kwa nyumba, hadi Jumapili ya Epifania wanajumuiya walipokuja kumchukua kwa nyimbo na kumrudisha kanisani. Mwaka ule nyumba ya mwisho ilikuwa yetu, akae siku tatu, na mama akanikabidhi mimi. Nilimlaza kikapuni juu ya pamba iliyosalia msimu uliopita, nikawa namchungulia kila mara kama mtu aliyebandika maziwa. Kumgusa, hapana. Alikuwa wa plasta, mkono mmoja umeshaanza kupasuka, nami niliogopa asije akanivunjikia.

Jumapili asubuhi nikakuta kikapu kitupu. Pamba ilikuwepo, bado imebonyea pale alipolala.

"Mtoto yuko salama?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Yupo," nikasema.

Mama alipenda kutuambia njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli, maana nyimbo zilishaanza kusikika upande wa barabarani. Nikatafuta chini ya vitanda. Nikafukua gunia la pumba, nikamtimua kuku aliyekuwa analalia mayai, nikaingia hadi zizini kwa ndama huku nimejiziba mdomo nisilie. Mahali pamoja tu sikwenda: kwa bibi, mama yake baba, aliyekuwa na nyumba yake ng'ambo ya zizi. Bibi hakuwa amebatizwa. Bado aliwamwagia mizimu pombe, nasi watoto wa katekisimu tulishaamua kwamba Yesu hawezi kuwa huko.

Wageni wakafika. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja asiye na mzaha, akafunua kikapu, kisha akanitazama. Nikainama, nikaanza kupekua pamba kana kwamba amejificha humo.

Hapo bibi akatokea upande wa zizi, anatembea polepole, amepakata kitu kilichofungwa kwenye khanga. Akakifunua. Mtoto alikuwa anang'aa kwa samli toka utosini hadi nyayo, kama wanavyopakwa vichanga kwetu.

"Nimepita hapa alfajiri nikamkuta uchi, na kibaridi hiki cha mvua," akasema kwa Kisukuma. "Ngozi imempasuka. Ng'wana huyu, mtoto wa watu, mama yake yuko wapi?"

Niliona aibu, nikajua sasa watamcheka. Mwenyekiti hakucheka. Alipiga magoti kwenye tope, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea, na bibi akamwonyesha namna ya kumshika Mtoto shingo.

Bibi alishatutoka. Kila Epifania padre anaposoma habari za wale mamajusi, wageni wa mbali waliomfikia Mtoto wakati wajuzi wa maandiko wamekaa zao Yerusalemu, samli hunijia puani palepale kwenye benchi. Mimi nilikaa na Mtoto yule siku tatu nzima. Nilimlinda kwelikweli, wala sikumpakata hata mara moja.