Baba Yangu Hakuitwa Boi

Enzi zetu, sisi watoto wa Wamaza mu Kongo ya Wabelgiji, siku mbaya kuliko zote niliionea Kabambare, nyuma ya nyumba ya muzungu tuliyemuita Bwana Tumbaku. Makaburi matatu mapya, na kila kibao kimeandikwa BOY. Baba yangu alikuwa mu moja.

Mama akamuuliza kapita Bilali, musimamizi wa maboi, "Baba Asumani iko mu gani?"

"Mama, hapa iko maboi tu. Sema jina lake."

Mama akanitazama mimi, Asumani wake. Kwetu muke hatamki jina la mume wake, hata amekufa. Mimi nikapiga kelele: "Kalonda!" Bilali akainua mabega. Wafungwa ndio waliowazika, na wafungwa walikwisha kuhamishwa.

Mbele ya hapo, baba angali hai, neno boi lilikuwa tamu kwetu. Mwisho wa mwezi baba alirudi kwa miguu kutoka kazini kwa Tumbaku, kaptula nyeupe, ananuka sabuni, na mufukoni maganda ya mukate wa muzungu. Tuliyachovya mu sombe, majani ya muhogo ya mafuta ya mawese, tukilamba vidole. Tulicheza boi: mumoja anakaa juu ya kinu, ni Bwana, wengine tunakimbia na maji. Wote tulitaka kuwa boi, sababu ya ule mukate!

Boi alikuwa mupishi. Boi alikuwa yule anayening'inia nyuma ya kamyo, lori la mizigo. Boi alikuwa muzee wa mvi anayefua kaptula za wengine. Muchuuzi mumoja aliyefika mpaka Uganda alituambia neno ni la Waingereza, maana yake mutoto mwanaume. Wazee wakatazama chini. Basi Wabelgiji walikwenda kuazima mbali kote kule neno la kuwafanya baba zetu watoto.

Masika ile baba alipokufa, homa iliingia mu nyumba za maboi. Baba akaomba kurudi kwetu. Tumbaku, kiko mudomoni: "Boi hapana gonjwa. Boi mvivu." Bilali akamufungia njia, na homa ikamumaliza yeye na wenzake wawili.

Leo vijana wanaitana boi mu baa, wanacheka. "Papa, unakasirikia nini? Ni neno ya urafiki!" Wana bia na viatu, hawana habari. Sisi hatukuwa na viatu, lakini kila mutu alijua huyu ni mutoto wa nani.

Tumbaku alirudi kwao. Mama alikufa akiombea makaburi yote matatu. Lakini wewe Bilali uko hai, unauza chumvi Kasongo, unanipa salaam. Sitaki salaam yako. Kabla Mungu hajakuita, njoo Kabambare unionyeshe baba. Na kama hujui, simama mbele ya watu useme nani aliamuru vile vibao.